Staji ya mwezi mmoja haitoshi: huu mfumo wa kupishana darasani na kazini unaendeshwa vipi?

mwana_Katuba

Jambo yenu wote, wakubwa na wadogo.

Mimi ni mwanafunzi wa L3 (mwaka wa tatu) informatiki hapa Lubumbashi, na wenzangu wa promosyo, yaani wa mwaka wetu, wamenichagua niwe msemaji wao. Idara yetu imeitisha kikao. Kuna mwalimu aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, anapendekeza tuachane na staji ya zamani, yale mafunzo ya kazini ya mwezi mmoja au miwili mtu akikaribia kumaliza. Anataka mwanafunzi asome muhula mmoja, aende kazini muhula mzima, arudi darasani, kisha aende tena. Alieleza kwa haraka mwishoni mwa somo, watu wakaanza kusema wote kwa pamoja, tukatawanyika bila kuelewana.

Staji yangu niliifanya katika kampuni moja ya mjini. Barua ya chuo nilizunguka nayo mwenyewe, ofisi kwa ofisi, jua kali. Waliponikubali, hakuna aliyejua nimekuja kufanya nini. Nikapewa kiti karibu na mashine ya fotokopi. Nikachapa barua, nikabadilisha wino wa printa, nikapandisha karatasi ghorofani kutiwa mhuri. Chumba cha seva nilikichungulia tu siku mlango ulipoachwa wazi. Ripoti niliijaza historia ya kampuni na mchoro wa vyeo, kama walivyofanya wenzangu, nikapewa alama nzuri. Ni hizo alama nzuri zinazoniuma hadi leo, maana hakuna aliyeuliza nimejifunza nini.

Kwa hiyo nauliza waliopitia mfumo huo au wanaoujua: nani anatafuta nafasi, mwanafunzi au chuo? Mwanafunzi analipwa? Masomo yanarefuka kwa muda gani? Na mtu anafanya kazi gani hasa huko? Wazazi wetu wengi wanahangaika kulipa ada, nikiwaambia mtoto atachelewa kumaliza lazima niwe na jibu la kueleweka.

Aksanti.

---

yaya_BelAir

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kikao.

Mimi ni mtoto wa hapahapa. Nilisoma informatiki Kanada, Chuo Kikuu cha Waterloo, kwa mfumo huohuo. Chuo kile kilianza mwaka 1957 na wanafunzi 74 wa uhandisi, na tangu siku ya kwanza waliwekwa kwenye kupishana. Lakini wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Lilianzia Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, mwaka uleule kampuni ya migodi ya Union Minière ilipoundwa kwa ajili ya shaba yetu. Profesa Herman Schneider alichukua vijana 27 wa uhandisi, akawapanga wawili wawili. Wiki hii mmoja yuko kiwandani na mwenzake yuko darasani, wiki ijayo wanabadilishana. Hivyo mashine ya kiwandani haikukosa mtu hata wiki moja. Shika hilo la wawili wawili, kwa maoni yangu ndilo linalotufaa zaidi hapa kwetu.

Waterloo mwaka una mihula 3 ya miezi minne minne, na hakuna likizo kubwa kama tuliyoizoea. Wapo wanaosoma muhula mmoja tu ndipo wanaenda kazini kwa mara ya kwanza, wengine wanasoma miwili. Inafanywa kusudi. Wakati wowote wa mwaka nusu wako darasani na nusu wako kazini, na mwenye kampuni anajua akiondoka huyu anakuja mwingine. Mihula ya masomo ni 8, ya kazi inafika hadi 6. Shahada ambayo ingechukua miaka 4 inakaribia 5. Waambie wazazi ukweli huo, usiufiche. Waambie pia kwamba muhula wa kazi haulipiwi ada ya masomo. Kuna malipo ya kuendesha huo mpango, yanayogawanywa katika mihula ya darasani, na ni madogo kuliko ada.

Kuhusu kutafuta nafasi, chuo kina ofisi nzima yenye wafanyakazi ambao kazi yao ni hiyo tu. Wanatembelea kampuni, wanazishawishi, wanakagua kazi zinazotolewa, kisha zinawekwa kwenye tovuti ya ndani. Mwanafunzi anachagua, anatuma maelezo yake pamoja na alama zake, anaitwa kuhojiwa. Baadaye kampuni inapanga waliohojiwa kwa kufuatana, na mwanafunzi naye anapanga kampuni kwa kufuatana, halafu mfumo unawaunganisha. Ukishaunganishwa, umefungwa, huna ruhusa ya kukataa kwa sababu umesikia pengine wanalipa zaidi. Na chuo hakimhakikishii mtu nafasi. Ofisi inafungua mlango, kuhojiwa ni kwako.

Nafasi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Hakuna anayemtaka mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Nilipata ya kupima programu za wengine: unabonyeza kila kitufe, unajaza fomu kwa makosa makusudi, unaandika ni wapi inavunjika na namna ya kuifanya ivunjike tena. Watu wanaidharau kazi hiyo, lakini ndiyo iliyonifundisha kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, wa mtu mwingine. Darasani tunaandika programu ya kwetu, inafanya kazi mara moja mbele ya mwalimu, inafutwa. Kazini unakuta kitu kimeandikwa na watu waliokwisha kuondoka, kinatumiwa kila siku, na huna haki ya kukivuruga. Kufikia nafasi za mwisho nilikuwa naandika sehemu nzima za mfumo, na kila badiliko langu lilisomwa na mtu mwingine kabla ya kuingia. Nikirudi darasani, somo la hifadhidata lililonichosha mwanzo sasa nilikuwa na maswali yangu mwenyewe ya kumuuliza mwalimu.

Malipo: ndiyo, analipwa. Kanada kuna chombo cha kitaifa kinachoweka vigezo, na vigezo vyake vinasema kila kipindi cha kazi kiwe angalau wiki 12 au saa 420, kiwe cha kulipwa, na kwa masomo ya zaidi ya miaka 2 muda wa kazi ufikie angalau asilimia 30 ya muda wa darasani. Mwisho wa kipindi msimamizi wa kazini anajaza fomu ya kumpima mwanafunzi, na mwanafunzi anaandika ripoti juu ya kazi aliyoifanya yeye mwenyewe. Historia ya kampuni haimpatii mtu alama huko.

---

fundi_wa_Kenya

Naongezea kidogo, mimi wa mtaa wa Kenya hapahapa Lubumbashi. Dada yangu yuko Ujerumani, Stuttgart. Kule Baden-Württemberg wana chuo kikuu kizima cha namna hiyo, kilichotokana na vyuo vya kazi vilivyoanza mwaka 1974. Kwao mambo yanapinduka: kwanza unapata kampuni, unasaini nayo mkataba wa miaka 3, ndipo chuo kinakupokea. Miezi mitatu darasani, mitatu kwenye kampuni ileile, na mshahara mdogo unaingia kila mwezi, hata mwezi ambao uko darasani. Dada anasema faida ni kwamba kampuni inakulea tangu mwanzo, na ubaya ni kwamba usipopatana nayo umekwama.

Ufaransa nako staji ya kawaida ikizidi miezi 2 lazima mwanafunzi apewe kitu, na haiwezi kuzidi miezi 6 kwa mwaka mmoja wa masomo sehemu moja. Hiyo ni sheria. Sisi tuliiga jina la staji tukaacha sheria zake.

---

mama_wa_seva

Mwanangu wa Katuba, nimesoma habari yako ya fotokopi na imenigusa, kwa sababu mimi niko upande wa pili wa meza. Nasimamia informatiki katika kampuni ya sutretansi, yaani inayofanyia migodi kazi kwa mkataba, na kila mwaka vijana wa staji wanapita mikononi mwangu. Acha nikueleze kile ambacho barua yenu ya chuo haikionyeshi.

Kijana akija kwa mwezi mmoja, wiki ya kwanza inaishia kumtafutia kompyuta, kumfungulia akaunti, kumwonyesha watu. Wiki ya pili anasoma. Mfumo wetu wa stoo una vipuri vya magari, matairi, mafuta ya kulainishia mashine, na kila kitu kina namba tatu, yetu, ya mgodi na ya muuzaji. Hakuna chuo kinachofundisha hayo, lazima uyaone. Wiki ya tatu anaanza kuuliza maswali mazuri. Wiki ya nne anaomba ruhusa ya kuandika ripoti. Basi hata mimi ninayependa kufundisha, najikuta nimepoteza muda wangu na wake. Wakubwa wengine wanaamua kutojisumbua tangu mwanzo, ndipo mtoto anapelekwa kwenye mashine ya fotokopi. Wanakosea. Lakini hata mwenye moyo mzuri hafanyi mengi kwa mwezi mmoja.

Na kuna usalama wa data. Mtu wa wiki nne siwezi kumpa nenosiri la hifadhidata ya mishahara. Yule wa miezi minne ninamtengenezea mahali pake: nakala ya hifadhidata yenye majina na kiasi cha pesa vilivyobadilishwa, kwenye seva ya majaribio, avunje anavyotaka. Mwezi wa kwanza anatengeneza ripoti moja ambayo mtu wa stoo ameiomba kweli, kwa mfano vitu ambavyo havijaguswa tangu mwaka jana. Anakaa na yule mtu wa stoo, anamsikiliza, anarudi, anagundua hakumwelewa, anaenda tena. Hapo ndipo kazi yetu ilipo, zaidi ya lugha ya programu. Mwezi wa pili anarekebisha makosa madogo, na hakuna kinachoingia kwenye mfumo wa kweli kabla sijakisoma. Mwezi wa tatu namfundisha kitu ambacho vijana karibu wote wanakuja bila kukijua: nakala za akiba. Kuzichukua si kazi. Namwambia, seva imekufa, rudisha kila kitu kutoka kwenye akiba ya jana usiku, nami naangalia saa. Mji wetu umeme unakatika bila kuaga, jenereta inachelewa kuwaka, diski inaharibika. Kijana aliyewahi kurudisha hifadhidata nzima kwa mikono yake ninamwajiri bila kumuuliza alama zake.

Sasa niseme ninapotofautiana na yaya wa Bel-Air. Miezi minne yake ni mizuri pale kalenda ya chuo inaposimama. Hapa mitihani inasogezwa, mwaka wa masomo unaanza chuo hiki Oktoba na kile Novemba au baadaye, mwanafunzi anapigiwa simu arudi kesho kufanya mtihani, na mimi nina kazi iliyobaki katikati. Nimeshaachiwa kazi namna hiyo, na kijana mwenyewe hakuwa na kosa. Idara ikitaka kampuni ziingie katika mpango huu, jambo la kwanza la kuleta mezani ni tarehe, na tarehe hizo ziheshimiwe. Bila hilo hata uwe na mkataba mzuri namna gani, kampuni itakubali mara moja na haitarudia.

Ndiyo maana ile habari ya Schneider na vijana wake wawili wawili imenifurahisha sana, sikuwa naijua. Kiti kimoja, watu wawili. Mmoja yuko kwangu, mwingine yuko chuoni Kasapa darasani, na siku za kubadilishana wanakaa pamoja kwangu, huyu anamkabidhi yule. Sishauri wiki kwa wiki kwa kazi ya programu, kichwa kinapoa. Wiki sita kwa sita naona zinafaa. Na makabidhiano yaandikwe: nilikuwa nafanya nini, kimefika wapi, faili ziko wapi, nani wa kuuliza, nini usikiguse. Mwalimu akisoma karatasi hiyo ataelewa mwanafunzi wake amejifunza nini kuliko akisoma kurasa arobaini za historia ya kampuni.

Malipo. Kampuni ndogo kama yetu haiwezi kulipa kama za Kanada. Lakini nauli na chakula cha mchana viandikwe kwenye karatasi, na visibaki kuwa huruma ya mkubwa. Mtoto anayetoka Ruashi kwa miguu anafika amechoka, saa nane njaa imemkaba, unamtaka asome msimbo? Kisha kuna jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu: kijana asiyelipwa chochote, hakuna anayeuliza ameshinda akifanya nini. Siku kampuni yetu ilipoanza kuwatolea vijana pesa kidogo kila mwezi, mhasibu mwenyewe alianza kuniuliza, huyu anafanya kazi gani? Nikalazimika kuwa na jibu.

---

kijana_Kolwezi

Msisahau sisi wa mbali. Migodi mingi iko huku Kolwezi na Likasi, na tangu sheria ya sutretansi ya 2017 kampuni za Wakongomani zinatafuta watu wa kushughulikia mifumo yao. Lakini mwanafunzi wa Lubumbashi akipewa nafasi huku, nyumba analipa nani? Mwenye shangazi Kolwezi anakuja, asiye na shangazi anabaki. Idara ikiacha kila mmoja ajitafutie, nafasi zitaenda kwa wenye jamaa, kama ilivyo sasa. Naomba msemaji ulifikishe hilo kikaoni.

---

mwana_Katuba

Yaya, mama, kaka zangu, aksanti sana. Nimesoma yote mara mbili, na nimewasomea wenzangu wawili ubaoni kabla mwalimu hajaingia.

Nimebaki na mawili. La kwanza: mwalimu wetu ni mmoja, idara haina ofisi kama ile ya Waterloo. Nani atatembelea kampuni? La pili: wenzangu wanaogopa kwamba kampuni itachukua wanafunzi wa kupishana ili isiajiri mtu. Vijana wawili wa nauli badala ya fundi mmoja wa mshahara. Nimeshindwa kuwajibu.

---

yaya_BelAir

Hofu yao ni ya kweli, usiipuuze kikaoni. Huko nilikosoma chuo kilikuwa kinazisoma kazi kabla ya kuzitangaza, na kampuni iliyowatumia wanafunzi vibaya wanafunzi waliisema kwenye tathmini zao, ofisi ikaiita. Hapa idara inaweza kufanya hivyo bila pesa: kila nafasi ije na karatasi inayotaja kazi zenyewe na jina la msimamizi mwenye ujuzi. Kampuni isiyo na mtu wa informatiki hata mmoja isipewe mwanafunzi. Sharti hilo peke yake linazuia vijana kuwekwa mahali pa fundi, kwa sababu bila fundi hakuna mwanafunzi.

Kuhusu ofisi: nusu siku kwa wiki ya msaidizi mmoja inatosha kwa kuanza, mradi msiahidi promosyo nzima. Anzeni na viti vichache. Wale wengine waendelee na staji ya kawaida, lakini ripoti ibadilishwe kwa wote tangu mwaka huu. Hilo halihitaji kampuni yoyote, linahitaji walimu kukubaliana tu.

---

mama_wa_seva

Naunga mkono hilo la ripoti kwa nguvu zote. Ombeni mwalimu aje kazini mara moja katikati ya kipindi, aketi nusu saa, amwombe mwanafunzi afungue kompyuta na kumwonyesha. Tangu nianze kupokea vijana, walimu waliofika kwangu ni wachache mno, na kila aliyefika, mwanafunzi wake alibadilika wiki ileile.

Kwa yule wa Kolwezi: nyumba iingie katika mazungumzo na kampuni kubwa za huko, zina kambi za wafanyakazi. Lakini chuo ndicho kiombe kwa barua rasmi, mwanafunzi peke yake hatasikilizwa.

Mwanangu, mwambie mwalimu wenu aniandikie kupitia idara. Usinitumie barua mkononi mwako, nataka chuo kiweke sahihi na tarehe. Anwani ya kazini nakutumia pembeni sasa hivi. Nina kiti kimoja kuanzia muhula ujao. Leteni watu wawili, na ningependa mmojawapo awe msichana, maana katika chumba changu cha seva niko peke yangu tangu niingie. Kila mmoja aje na programu aliyoiandika mwenyewe, hata iwe ndogo ya kuhesabu michango ya promosyo. Tutaifungua pamoja, nitamwomba abadilishe kitu kimoja ndani yake mbele yangu, na kutoka hapo nitajua ni nani aanze.